Elfu thelathini za raha kila mwezi: jibu kwa mwalimu mstaafu wa Uyole

Swali: Nimestaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka jana. Ninaishi Uyole, Mbeya, na mume wangu ambaye naye ni mstaafu. Tukishatoa chakula, dawa, maji, umeme na mchango wetu wa ada ya mjukuu, kwenye pensheni hubaki kama Sh 30,000 kwa mwezi. Watoto wanasema niiweke yote. Mimi nimejibana miaka yote ya kazi, sasa nataka kitu kidogo cha kunifurahisha kila siku, sitaki sherehe moja kwa mwaka. Napenda kahawa. Baridi inanikamata magoti. Nianzie wapi nisije nikajuta?

Jibu:

Shikamoo Mwalimu. Watoto wako wana hoja kwa jambo moja tu, nalo ni akiba ya dharura. Kama hamna pembeni fedha za kuwatosha miezi miwili ya chakula na dawa bila kumpigia mtu simu, basi weka nusu ya hiyo 30,000 kila mwezi mpaka itimie, na nusu ujifurahishe nayo. Kama akiba ipo, fedha hiyo ni yenu kutumia yote. Mafao ya mkupuo usiyaguse kwa ajili ya raha ndogo, wala usikope kwa ajili yake hata siku moja. Mikopo ya kausha damu imewanyang'anya wastaafu wengi kadi zao za benki kwa sababu ya redio au seti ya vyombo.

Kosa la kawaida ni kukimbilia kitu kipya: televisheni kubwa, simu, makochi ya kulipia kidogo kidogo. Kitu kipya hufurahisha wiki mbili, kisha jicho linakizoea. Kinachodumu ni kuboresha kile ambacho mwili wako unakigusa kila siku tayari, yaani kikombe cha asubuhi, maji ya kuoga, blanketi, kiti. Wewe mwenyewe umetaja kahawa na magoti, kwa hiyo mpango wako karibu umeshajipanga. Igawe fedha hivi: 15,000 kwa raha ya kila siku, 5,000 kwa mlo mmoja wa Jumapili, na 10,000 iingie kwenye kibubu kwa ajili ya vitu vya kudumu, kimoja baada ya kingine. Kibubu kiwe cha kuvunja, au kama mnatunza kwenye simu iwe laini ambayo wajukuu hawajui namba yake ya siri.

Tuanze na kahawa, maana hapo mko mahali pazuri kuliko watu wengi wa nchi hii. Arabika ya Mbozi inalimwa mwendo wa saa chache kutoka kwenu, na ya Mbinga nayo hutoka nyanda hizi hizi za kusini. Nunua punje nzima zilizokwisha kukaangwa, kwa mkaangaji au duka linaloweza kukuambia zilikaangwa lini. Usinunue kahawa mbichi kwa kificho shambani hata ukipewa bei ya kuvutia. Kahawa ya mkulima huuzwa kupitia vyama vya msingi na mnada, na anayeitorosha humtia matatani mnunuzi pia. Punje zilizokaangwa ni tamu zaidi kuanzia siku ya nne hivi mpaka mwezi mmoja. Ikishasagwa, harufu hupotea ndani ya siku chache, ndiyo maana pakiti ya unga iliyokaa dukani miezi haiwezi kukupa unachokitafuta hata ukiongeza vijiko.

Hesabu yake ni hii. Kikombe kizuri cha mililita 200 kinataka gramu 12 za kahawa. Wawili ni gramu 24 kwa asubuhi moja. Nusu kilo inawatosha siku 20. Siku 10 zilizobaki mnywe chai, na hilo nalipendekeza hata kama fedha ingetosha, kwa sababu ulimi ukipumzishwa kidogo kahawa inarudi na utamu wake. Nunua robo kilo mara mbili kwa mwezi, usinunue kilo nzima kwa kuvutiwa na punguzo. Ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na jiko na dirisha. Friji haifai, hubeba unyevu na harufu za vyakula. Kama bei ya nusu kilo inapita 15,000, punguza siku, usipunguze ubora.

Kusagia, kinu kidogo cha viungo kinatosha, lakini kiwe cha kahawa peke yake. Kilichotwangiwa vitunguu saumu hakisafishiki. Twanga kidogo kidogo mpaka chembe zilingane na sukari ya kawaida. Zikiwa unga laini kahawa itakuwa chungu na itaziba chujio. Zikiwa nenenene itakuwa nyepesi na yenye uchachu. Gramu 24 ni kama vijiko vitano vya chakula vilivyosawazishwa.

Sasa maji. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Uyole ipo juu zaidi ya mita 1,700, kwa hiyo maji yenu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. (Ndiyo sababu maharage kwenu huchelewa kuiva kuliko Kyela.) Kwa kahawa hiyo ni bahati: nyuzi 94 ndizo hasa zinazohitajika, huna haja ya kusubiri yapoe kama anavyolazimika mtu wa Dar es Salaam. Weka kahawa kwenye birika iliyopashwa kwa maji ya moto, mimina mililita 400 mara tu yanapochemka, koroga mara moja, funika, hesabu dakika nne, kisha chuja. Usiirudishe jikoni. Kahawa inayochemshwa huku inaungua hutoa uchungu, na harufu yote inaishia jikoni badala ya kikombeni.

Chujio shona mwenyewe kwa kitambaa kizito cha marekani, umbo la koni, pindo likizungushiwa waya. Kabla ya kukitumia kichemshe dakika kumi ili wanga wa kiwandani utoke. Baada ya hapo kioshe kwa maji matupu kila siku, sabuni isikiguse kamwe, na kianikwe kikauke kabisa. Kitambaa kizito kina faida nyingine: huzuia sehemu kubwa ya mafuta ya kahawa yanayopandisha lehemu mbaya kwenye damu kwa wanywaji wa kila siku. Kama mmoja wenu ana presha, apime kabla ya kunywa na saa moja baadaye, kwa siku tatu. Ikipanda sana, kikombe chake kiwe kidogo au kiwe cha chai. Na baada ya saa nane mchana msinywe tena, la sivyo usingizi utaharibika na raha yote itakuwa imekula hasara.

Kwa siku za chai, chai nyeusi inapenda maji yaliyo moto zaidi ya yale mliyo nayo, hivyo ipeni muda: pasha birika, funika na kitambaa, dakika tano au sita badala ya tatu. Majani ya Mufindi na ya Rungwe yote ni mazuri, ilimradi pakiti isiwe imefunguliwa muda mrefu. Maziwa ya jirani chemsha mpaka yapande na kutokota, hata kama ng'ombe unamjua. Homa ya brusela haionekani kwa macho.

Tuje kwenye magoti. Mwezi wa 6 na wa 7 Mbeya si wa kuchezea, na raha nafuu kuliko zote katika nyanda hizi ni maji ya moto. Watu huwaza hita ya bafuni. Hita ya wati 3,500 ikitumika dakika kumi hula uniti 0.58, kwa mtu mmoja, mwezi mzima, ni uniti 17 na nusu, na kwa wawili 35. Kama mpo kwenye kundi la matumizi madogo ya umeme, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, hiyo inaweza kuwatoa humo na kila uniti inayozidi mtailipa ghali. Jagi la umeme la lita 1.7 linafanya kazi hiyo kwa nafuu. Majagi mawili yaliyochemka, yakichanganywa na lita nane za maji ya bomba, hutoa lita 11 na ushei za maji ya nyuzi 40, yaani ndoo ya kuoga iliyo sawasawa, kwa uniti 0.35 hivi. Kila siku kwa mtu mmoja ni kama uniti 10 au 11 kwa mwezi.

Weka maji ya baridi kwenye ndoo kwanza, ndipo umimine ya moto, na pima kwa kiwiko. Oga saa kumi na moja jioni kabla baridi haijashuka. Jikaushe magoti na miguu vizuri, vaa soksi papo hapo. Anayeoga saa mbili usiku na kutoka kwenye bafu la uani huipoteza joto yote njiani. Ile koili ya kuzamisha ndani ya ndoo iacheni dukani: imewahi kuua watu, hasa ikitumika na ndoo ya bati na mikono iliyolowa.

Kitu cha pili ni mfuko wa mpira wa maji ya moto, unaouzwa kwenye maduka ya dawa. Chemsha, acha yatulie dakika kumi, jaza theluthi mbili tu, kisha ukamue taratibu mpaka maji yafike mdomoni na hewa itoke, ndipo ufunge. Hewa ikibaki mfuko huvimba na kupasukia kwenye mshono. Uvishe sweta kuukuu. Uweke kitandani, usawa wa magoti, nusu saa kabla ya kulala. Kama wewe au mzee mna kisukari na miguu imeanza kufa ganzi, uondoeni mkipanda kitandani, maana mguu usiohisi huungua bila kulia. Andika kwa kalamu mwezi na mwaka ulioununua. Ukifika miaka miwili, au ukiona nyufa shingoni, nunua mwingine.

Na hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao: jiko la mkaa lisiingie chumbani kulalia, hata kama mkaa umekolea na moshi hauonekani. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi huku kwetu, Mbeya, Njombe na Makete, watu wanalala nayo wasiamke.

Blanketi ndilo la kwanza kutoka kwenye kibubu, na soko lake ni mitumba. Nenda Mwanjelwa asubuhi siku wanayofungua belo, na tafuta sufu halisi. Lebo nyingi zimekatwa, kwa hiyo mwombe muuzaji uzi mmoja wa pindo, sogea pembeni uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba hunuka karatasi. Blanketi la plastiki linaweza kuwa nene na laini kuliko la sufu, lakini utatoka jasho usiku wa manane kisha utahisi baridi alfajiri. Sufu hunyonya unyevu na bado inatunza joto. Angalia dhidi ya mwanga kama kuna vitundu vya nondo, na kagua mishono kama ina madoadoa meusi ya kunguni.

Wengi huliharibu siku ya kwanza kwa kulichemsha ili kuua wadudu. Sufu ikikutana na maji ya moto na msuguano hujikunja na kuwa ngumu, na hairudi tena. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono hauyahisi moto wala baridi, pamoja na shampuu kidogo ya nywele. Sabuni ya unga ni kali mno. Libonyeze bonyeze bila kulisugua, lisuuze mara mbili au tatu kwa maji ya joto lile lile, likamue kwa kulikunja ndani ya taulo, na ulianike limelala juu ya majani makavu. Likikauka, pitisha pasi ya moto juu ya kitambaa chenye unyevu kwenye mishono yote. Hapo ndipo mayai ya kunguni hufia. Kama godoro lenu ni jembamba, tandika blanketi kuukuu chini ya shuka, kwa kuwa sehemu kubwa ya baridi ya usiku hupanda kutoka chini.

Kiti kitasubiri miezi kadhaa, ila kisikose. Makochi mengi ya siku hizi ni mafupi, na goti bovu huumia zaidi wakati wa kunyanyuka kuliko wakati wa kutembea. Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lako ukiwa umevaa ndala. Kimo hicho, kwa wengi kati ya sentimita 43 na 48, ndicho kimo cha kiti huku umekikalia na sponji imebonyea. Kina cha kukalia kisizidi 48. Mikono iwe sentimita 20 hadi 22 juu ya sponji, na itokeze mbele ili uisukume unapoinuka. Fundi seremala anaweza kukitengeneza kwa paini ya Sao Hill, mradi mbao iwe imekauka. Mbao mbichi ni nzito, ni baridi ukiigusa, na viungo vyake hulegea mvua zikishapita. Muombe aunganishe kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja iingie kwenye tundu la mwingine, pamoja na gundi, asitegemee misumari peke yake. Sponji iwe ngumu, ya inchi nne.

Kando ya kiti hicho weka taa ya kusomea. Balbu ya LED ya wati 9, yenye mwanga wa njano, ikitokea nyuma ya bega upande wa mkono usioandikia. Saa tatu kila usiku ni chini ya uniti moja kwa mwezi mzima. Macho ya miaka 60 yanahitaji mwanga mwingi zaidi kuliko ya kijana, na watu wengi huacha kusoma wakidhani wamechoka kumbe chumba kina giza.

Ile 5,000 ya Jumapili nisiipangie sana. Kilo moja ya mchele wa Kyela ulio halisi ni matumizi mema. Tatizo ni kwamba kila mchele sokoni unaitwa wa Kyela. Chukua punje kidogo kiganjani, zipulizie pumzi ya moto, zinuse. Usiponusa kitu, ni mchele wa kawaida kwa jina la kupachikwa. Usiuchanganye na mwingine na usiuloweke muda mrefu, harufu hutoka na maji. Ongezeni parachichi la Rungwe, na mkipata bahati, samaki aina ya mbasa wa Ziwa Nyasa. Mwalikeni mtu mmoja, si familia nzima, ili mlo usigeuke kazi.

Baada ya blanketi na kiti, kibubu kinachofuata kiwapeleke Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Magari ya Kyela yanapita hapo hapo Uyole. Mtateremka mkipita Tukuyu na migomba yake, kisha mtabadilisha gari kuelekea Matema kwa njia ya Ipinda. Ziwa lipo kwenye kimo kisichofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, yaani mita 1,200 na ushei chini yenu, kwa hiyo kunaweza kuwa na joto zaidi kwa nyuzi saba au nane. Julai na Agosti ndiyo miezi ya kwenda: kwenu ni baridi kali, kule ni mchanga wa kukaushia magoti. Machi mpaka Mei mvua ya Kyela ni nyingi mno. Lala usiku mmoja au miwili, chukueni chandarua, kwa kuwa malaria kule si kama ya mlimani, na ukirudi ukapata homa ndani ya wiki chache mwambie daktari kwamba ulitoka ziwani.

Rudini na chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa pwani ile ya Matema na Ikombe. Kifungeni kwa nguo katikati ya mzigo, na mkifika kiloweke usiku kucha. Kesho yake kijaze maji theluthi mbili na konzi ya unga wa mahindi, kiweke juu ya moto mdogo saa nzima, kisha kipoe na maji yake ndani. Wanga huziba vitundu vya udongo. Usikibandike kitupu, na kikiwa moto usikiongeze maji ya baridi, kitapasuka. Maharage ya kwanza yatakuwa na ladha ya udongo kidogo. Ya pili hayatakuwa nayo.